Kontwari ya Magazini Katika Nyumba ya Pasta



Ukiingia siku moja katika nyumba yetu ya Kikula, kitu cha kwanza utakachoona si televisheni wala fotei. Ni kontwari. Ndiyo, kontwari ya magazini, ndefu kupita mita mbili, yenye tirwari 12, na ubao wake wa juu umelainika kwa viwiko vya watu. Wageni wakiiona wanacheka na kuuliza: "Pasta, munauzisha nini hapa?"

Mwezi huu nimeona vema nikueleze namna ilivyofika kwetu na mambo tuliyojifunza kwayo juu ya kupanga nyumba. Halafu kuna jambo moja la zamani ambalo kontwari hii ililiamsha. Hilo si la kuchekesha, lakini usomapo utaona kwa nini siwezi kuliacha nje.

ILIBAKI KIDOGO IWE KUNI

Siku moja nilikuwa napita katikati ya mji, kwenye zile barabara pana zenye baraza mbele ya magazini. Mwenye nyumba moja alikuwa anaitengeneza upya kwa ajili ya mpangaji wa kuuza simu. Walitaka vioo, taa nyeupe na vigae vya kung'aa. Vitu vya zamani vyote vilitupwa nje: etajeri ndefu, ngazi ya kuegemeza na kontwari. Kijana mmoja alishika shoka.

Nikamuliza: "Ndugu, hii mutaifanya nini?"

Akajibu: "Pasta, tunaipasula. Mama wa maandazi atanunua, anapikia."

Nikapitisha kidole juu ya ubao, nikatoa vumbi kwa mate. Chini yake mbao ilikuwa nyekundu. Ilikuwa mulombwa, mti wetu wa Katanga, imara kabisa, haina tundu hata moja la mdudu. Nikamwita mwenye nyumba. Tukasikilizana kwa dola 30, na dola 5 za vijana wa pusupusu. Mpaka Kikula ilipanda na kushuka, watu wakicheka njiani.

Mlangoni bibi yangu alisimama, mikono kiunoni. "Baba, unatuletea magazini mu nyumba? Tutauzisha nini? Chumvi?"

Alikuwa na haki ya kukasirika. Zamu yake ya likelemba ilikuwa karibu, na tulikuwa tumekwisha kupatana kununua fotei mpya za kutoka Lubumbashi. Fotei zile ni nzuri kwa macho, lakini nyingi zimetengenezwa kwa mbao za unga, yaani vumbi la mbao lililoshindiliwa kwa gundi. Maji ya mvua yakiingia chini ya mlango mara mbili tu, miguu inavimba na kupasuka. Lakini deni ya fotei haivimbi wala kupasuka. Inabaki vile vile. Wewe msomaji unalijua hilo.

WATU WALIOSIMAMA MBELE YA KONTWARI

Vijana wetu wengi hawajui kwamba mji huu uliitwa Jadotville, kwa jina la Jean Jadot, mkubwa wa Union Minière. Jina la Likasi lilirudi mwaka 1966. Nyakati zile za kwanza wafanyabiashara wengi wa miji ya Katanga walikuwa wageni: Wabelgiji, Wagiriki, Waitalia, Wareno, na Wayahudi waliotoka kisiwa cha Rhodes. Ndio walioagiza kontwari na etajeri za namna hii, na maseremala wetu waliozitengeneza walitumia mbao za hapa.

Wazee wanasimulia kwamba mtu mweusi hakuingia kila magazini apendavyo. Kwingine alihudumiwa kwa dirisha dogo pembeni, feza inaingia na kitu kinatoka. Nkambo wangu alifanya kazi Panda miaka mingi, na sidhani kama hata siku moja alisimama upande wa nyuma wa kontwari, upande wa tirwari.

Halafu ikaja tarehe 30 mwezi wa 11 mwaka 1973. Rais Mobutu akatangaza kwamba biashara za wageni zitapewa wenyeji. Watu walipewa magazini na mali yote ndani yake, lakini wengi hawakujua namna ya kuagiza mali mpya. Walichouza hakikurudishwa. Etajeri zikabaki tupu kwa vumbi. Baadaye serikali ikaanza kuwarudishia wengine magazini zao, lakini wengi hawakurudi tena. Ndiyo sababu mpaka leo katikati ya miji yetu unakuta vitu hivi vimelala nyuma ya magodauni, vikingoja shoka.

MAGAZINI ILITUFUNDISHA KUPANGA NYUMBA

Bibi yangu alikaa juma moja bila kuisemesha kontwari. Juma la pili alivuta tirwari moja, akaweka vijiko. Siku iliyofuata akavuta ya pili, akaweka dawa na karatasi za kliniki za watoto. Mwisho wa mwezi zote zilijaa, na ile mifuko ya plastiki iliyokuwa inaning'inia kwenye misumari ilitoweka. Hapo tukaanza kuuliza: hawa wenye magazini wa zamani walijua nini ambacho sisi hatujui? Tuliona mambo matano.

1. Kila kitu kina pahali pake. Muuzaji hakuweza kutafuta pakiti ya sindano nusu saa wakati mnunuzi anangoja. Sisi nyumbani tunatafuta kadi ya uchaguzi siku nzima na kugombana. Gawa tirwari: moja ya karatasi, moja ya vifaa vya kushona, moja ya mishumaa na kiberiti. Hii ya mwisho iwe ile mkono unayoifikia gizani, maana umeme wetu unajulikana.

2. Vizito chini, vyepesi juu. Magunia na vyuma vilikaa chini, vitambaa katikati pa macho, kofia na vikapu juu kabisa. Katika nyumba yenye watoto jambo hili ni uzima. Chungu kizito juu ya kabati kitamwangukia mtoto siku moja. Lakini dawa na mafuta ya petroli hupanda juu, hata kama ni vizito.

3. Usiweke chakula juu ya sakafu. Mwenye magazini alitandika mbao chini ya magunia ya unga ili hewa ipite. Simiti inavuta unyevu, na mchwa wanapenda pahali pasipoonekana. Vipande vya mbao vyenye unene wa vidole vinne vinatosha.

4. Panda ukutani. Tunakaa katika vyumba vidogo na kujaza sakafu, huku ukuta juu ya vichwa vyetu uko bure. Etajeri za zamani zilifika karibu na dari. Sisi tulifunga mbao tatu tu juu ya mlango wa jikoni; masufuria ya sikukuu yanakaa huko.

5. Mwanga uwe mbele. Vitrini iliwekwa pahali mwanga wa mlangoni unapoingia, na ukuta wa nyuma ulipakwa chokaa nyeupe. Tulipaka ukuta unaotazama dirisha, tukatundika kioo cha zamani. Sasa watoto wanasoma bila taa mpaka karibu na saa kumi na mbili.

Kwa kazi hii yote tulitumia feza ndogo kuliko fotei moja.

KAZI YA MIKONO, NA MAMBO YA KUJIHADHARI

Kijana, ukipata kitu cha zamani, usikimbilie verni. Kwanza kipige kwa mkono na uangalie chini yake. Ukiona unga mwembamba unaanguka kutoka kwa matundu madogo, wadudu bado wako ndani, usikiingize nyumbani. Kama ni safi, kioshe kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kidogo, usikimwagie maji. Kikauke kivulini siku kadhaa. Kisha ukwaruze kwa karatasi ya mchanga kwa kufuata mistari ya mbao, usiikate. Vishikio vya shaba ya manjano vinasafika kwa ndimu na chumvi. Nusu saa vinang'aa. Miguu iwekwe juu ya vipande vya kigae.

Kama mbao ina rangi ya zamani, ilowanishe mbele ya kukwaruza, na watoto wakae mbali. Rangi nyingi za zamani zilikuwa na risasi, na vumbi lake linaharibu akili ya mtoto.

Halafu, sisi wa nchi ya migodi tuna hatari zetu wenyewe. Vibao vya kijivu vya dari na paa za zamani, vile vya simiti iliyochanganywa na amianti, usivikate kwa msumeno wala kuvivunja. Nyuzi zake zikiingia katika mapafu hazitoki. Pipa na bidoni zilizotoka katika usini, hata zikiwa nzuri na ngumu namna gani, si za kuwekea maji wala unga. Asidi na dawa za kusafishia madini hazitoki kwa kuosha.

Na mawe! Najua watu wanaopanga mawe ya rangi juu ya etajeri ili salo ipendeze. Malakiti ya kijani iliyochongwa na kung'arishwa ni sanaa yetu, iweke. Lakini jiwe la manjano, la machungwa au la kijani kikali ambalo mtu amekuambia limetoka Shinkolobwe, usiliingize katika nyumba. Kutoka huko ilitoka sehemu kubwa ya uranium ya bomu lililoanguka Hiroshima mwaka 1945. Kisima kilifungwa, na mwaka 2004 serikali ikakataza tena watu kuchimba, lakini jiwe halisikii amri. Linaendelea kutoa miali yake usiku na mchana, karibu na kitanda cha mtoto wako.

HATA BRUSSELS

Wengine watasema: vitu vya zamani ni vya maskini. Basi nikuambie. Katika mji wa Brussels kuna uwanja uitwao Place du Jeu de Balle, ambapo soko la vitu vya zamani linafanyika kila siku, na limekuwa hapo tangu mwaka 1873. Watu wenye feza zao wanatafuta humo kabati za famasi, kontwari za mikate, meza za shule. Tena katika mji ule ule kuna watu wenye kazi ya kuingia katika ofisi na magazini zinazobomolewa, kufungua vitu skurubu kwa skurubu, na kuviuza tena. Vingine ni vya wenge, mbao nyeusi ya misitu yetu ya Kongo. Wao wanalipa bei kubwa kwa mti uliotoka kwetu zamani, na sisi tunapikia maandazi.

SASA LILE JAMBO LA ZAMANI

Jioni moja vijana wa kwaya walikuja kwetu. Walisifu kontwari, wakavuta tirwari zote. Halafu binti mmoja akageuka, akaonyesha pembeni. "Na ile kabati ya kioo, Pasta? Yenyewe inatoka mu magazini gani?"

Nilisema: "Ni ya marehemu baba." Hiyo ni kweli. Lakini usiku ule usingizi haukuja.

Mwaka 1992 nilikuwa na miaka 12. Tulikaa katika kampu ya wafanyakazi. Jirani wa mlango wa pili alikuwa mtu wa asili ya Kasai, lakini alizaliwa hapa hapa Likasi, na watoto wake vilevile. Alifanya kazi na baba pahali pamoja. Mimi na watoto wake tulicheza mpira mmoja wa makaratasi na kamba.

Mwezi wa 8 mwaka ule, huko Kinshasa, Konferansi ya Taifa ilimchagua Étienne Tshisekedi kuwa waziri wa kwanza. Kwetu Shaba, ndivyo jimbo lilivyoitwa wakati ule, maneno ya chuki yakasambaa. Watu wa asili ya Kasai wakaanza kufukuzwa katika nyumba zao. Hapa Likasi maelfu walilala kwenye gare na katika shule, wakingoja treni majuma na miezi. Wengi walikufa kwa magonjwa, hasa watoto. Mwenye kuwa na umri wangu anakumbuka harufu ya moshi wa mioto ile kando ya reli.

Usiku mmoja jirani aligonga kwetu. Alimwambia baba: "Nunua kabati, ndugu yangu. Siwezi kuibeba." Baba alimpa mfuko mmoja wa unga na feza iliyokuwa mfukoni. Mama akaongeza nguo za watoto. Wakaibeba wenyewe wawili, baba na jirani, gizani, ili watu wasione.

Baba yangu hakuwa mtu mbaya. Mpaka kufa alisema kwamba alisaidia, na ni kweli alisaidia. Wengine walichukua bila kutoa kitu. Lakini kabati ya mulombwa yenye milango miwili ya kioo si bei ya mfuko wa unga, na baba alijua, maana jirani alikuwa ameiweka akiba kwa miaka kabla ya kuinunua. Mambo yote mawili ni kweli, na mimi nilikuwa nimechagua kukumbuka moja.

Kila mwaka nahubiri juu ya Zakayo aliyerudisha. Nilimhubiri Zakayo mara nyingi huku kabati ikisimama nyuma yangu.

Nilimwambia bibi yangu. Akanyamaza, akasema: "Utafute batoto yake." Kupitia wachungaji wa Mwene-Ditu, baada ya miezi mitatu, mtoto wa kwanza wa jirani alinipigia simu. Wazazi wake wote wawili walikuwa wamekwisha kufa. Yeye anafanya biashara, na alikuwa na safari ya Lubumbashi katika wakati wa baridi. Akasema atapita.

Alifika asubuhi. Tulisalimiana sana, tukiitana kwa majina ya utoto. Halafu akaenda moja kwa moja kwenye kabati. Mlango wa kushoto unashikamana. Ni lazima kuuinua kidogo kabla ya kuuvuta. Hatukumwambia. Aliuinua.

Nikamwambia: "Ni yenu. Ubebe." Akaipima kwa mikono, upande na upande. Akasema: "Pasta, hii kintu mu treni itavunjika. Miye sitaki kabati. Nataka bei yake."

Msomaji, nitakuungamia. Nilikuwa nimetumaini atasema, "Ubaki nayo, tumesahau." Nilikuwa nimetayarisha hata maneno ya kushukuru. Niliona haya juu ya matumaini yale. Tulikwenda naye kwa seremala mzee, tusimwambie kitu, aipime kama ya kuuza. Akasema dola 180. Nililipa mara tatu. Bibi yangu alitoa zamu yake ya likelemba, ile ya fotei. Karatasi ya malipo iko katika tirwari ya 7 ya kontwari.

Hakusema kwamba amesamehe, nami sikumuuliza. Alikunywa chai, akakula, akauliza kaburi la baba liko wapi. Kesho yake asubuhi nilimpeleka, akasimama pale muda mrefu, halafu akaniomba tupite kwenye gare.

MBELE YA KUNUNUA, ULIZA HAYA

Ndiyo sababu nakusihi, wewe unayependa vitu vya zamani kama mimi: usitazame ubao tu, tazama na njia uliyopitia.

Kwanza, ni cha nani? Nyaya za shaba, vipande vya reli, vifuniko vya mashimo ya barabara, milango na masinki ya nyumba za kampuni vinauzwa usiku kwa wanunuzi wa mitrayi. Kitu kinachouzwa usiku kiache.

Pili, kwa nini anauza? Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walikubali kuondoka kazini kwa kupewa malipo ya mwisho. Feza ilipokwisha, wazee wetu waliuza vitanda, redio, hata meza walizolia juu yake miaka 30. Kununua kwa mzee kama huyo si dhambi. Pengine ndilo chakula chake cha juma lile. Lakini usimpunguzie kwa sababu unaona ana njaa.

Tatu, kama angekuwa hana shida, angekubali bei hii? Kama jibu ni hapana, ongeza. Ukishindwa kuongeza, umwambie wazi utamletea sehemu nyingine mwisho wa mwezi, na uandike.

Sasa fotei hatuna bado. Tunakaa juu ya viti vya mbao, na mito aliyoshona bibi yangu. Jioni watoto wetu wanafanya kazi za shule juu ya kontwari, wakikaa upande wa tirwari, upande ule ambao nkambo hakuuona. Ukipita Kikula, karibu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Ni kitu gani cha zamani kilicho katika nyumba yenu? Wazazi, waelezeni watoto kilitoka wapi.
2. Je, kuna tirwari au pembe ya nyumba ambayo mngeweza kuipanga juma hili bila kununua kitu?
3. Je, kuna kitu ambacho bei yake haijaisha kulipwa?